Jicho la Kulia la Kaka

Kaka yangu alitoka nyumbani kwetu Makole Jumamosi moja ya kiangazi, baada ya chai, begi lake la mazoezi likining'inia begani. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani, nashona suruali za shule. Akanigonga utosini kwa kidole kama alivyozoea tangu utoto wangu, akasema, "Leo usije ukumbini. Nina mazungumzo na mwenzangu."

"Mazungumzo gani yasiyotaka watu?"

"Ya wakubwa," akajibu, akacheka, akafungua geti.

Jioni hakurudi. Mama alimwekea ugali na mlenda, akafunika kwa kawa, na asubuhi chakula kilikuwa palepale, ugali umekauka juu. Nilipopiga simu yake nikaambiwa na ile sauti ya mtandao kwamba namba ninayopiga haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka mama akaninyang'anya simu, akaiweka kabatini, akasema, "Acha. Vaa uende ukaulize watu."

Mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa huyo mwenzake. Walianza karate siku moja wakiwa vijana, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa ambako mwalimu wetu, mzee mmoja mtaratibu, alikuwa akifundisha kwa miaka mingi. Wakapanda mikanda pamoja mpaka mweusi. Alikuwa kama mtoto wa nyumba yetu. Mama yangu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu wa kufunga na kusali, na huyo kijana Mkristo, mwenye kovu kidevuni, alikuwa hakosi futari kwetu mwezi mzima. Nilimwita kaka pia, bila kufikiri. Nilipofika alikopanga, Chang'ombe ya hapahapa kwetu, nilikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba akaniambia ameondoka Jumamosi ileile na mfuko wa nguo, godoro na jiko kaviacha, na hakuaga.

Kutoka pale nilikwenda ukumbini moja kwa moja. Mlinzi, babu ambaye alitujua wote, alikuwa anafagia majani. Nilimwamkia, na kabla sijauliza kitu akaweka ufagio chini.

"Mjukuu wangu, nilikuwa najiuliza nani atakuja. Jumamosi walijifungia humo ndani. Nilisikia wanasema kwa sauti, halafu nikasikia wanapigana. Nikajua mazoezi. Halafu kukawa kimya."

"Kisha?"

"Kisha yule mwingine akatoka anamkokota kaka yako, kamfunika uso kwa shati. Wakapanda bajaji. Niliposafisha nilikuta damu kwenye mkeka. Si nyingi. Lakini damu."

Nilimwomba anioneshe. Alikuwa ameisugua kwa sabuni, imebaki alama ya kahawia upana wa kiganja. Niliinama nikaigusa.

Tulizunguka hospitali za mjini, mimi na mama, tukiuliza wodi kwa wodi. Hapakuwa na mgonjwa aliyelazwa kwa jina lake. Polisi walitusikiliza vizuri, wakatuandikia RB, namba ya taarifa yetu, wakamtafuta yule mwenzake kwenye simu ambayo nayo haikupatikana. Baada ya wiki kadhaa askari aliyekuwa na faili letu akaniambia kwa upole kwamba mtu mzima anaweza kuondoka kwa hiari yake. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu. Alisimama, akajifunga mtandio, akatoka nje bila kuaga, na sijawahi kumwona mama akiondoka kwa mtu bila kuaga.

Niseme kidogo juu ya kaka. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha, ila mtaani walimjua kwa karate. Jicho lake la kushoto lilikufa angali mtoto, kijijini kwa baba, huko Ugogoni. Wakati ule watoto wengi waliugua vikope. Nzi walikaa machoni, kope zikajikunja kwa ndani zikakwaruza jicho mpaka likaingia ukungu. Baba alituhamishia mjini baadaye, lakini jicho lilikuwa limekwisha. Kaka alijifunza kupigana akiwa amegeuza kichwa kidogo upande wa kushoto, ili lile la kulia lione kote. Wageni walidhani ni mtindo wake. Watoto wa ukumbini waliuiga.

Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenipeleka ukumbini. Nilikuwa darasa la sita na nilikuwa napigwa njiani na wavulana. Hakwenda kuwatisha. Alinifundisha kusimama, miguu ikiwa chini sawasawa, kisha akaniambia, "Sasa kazi ni yako." Kwa hiyo kila pigo ninalolijua mkono huu umelipata kwake.

Baada ya polisi kunyamaza nilimpigia simu mwalimu wetu mzee, aliyekuwa amestaafu na kurudi kwao Singida muda mfupi kabla ya hayo. Nilimuuliza kama anajua walikuwa na mazungumzo gani.

"Mwanangu, kabla sijaondoka niliwaita wote wawili. Nikawaambia ukumbi namwachia kaka yako. Yule mwenzake aliinama, akanishukuru, akatoka. Lakini uso wake sikuupenda."

"Kwa hiyo walipigania ukumbi."

"Sijui walipigania nini. Na wewe hujui. Usiende popote na hasira."

Nilimjibu ndiyo, mwalimu. Nilipokata simu nilikuwa nimeshaamua. Nilijua, kama mtu anavyojua jina lake, kwamba kaka yangu amekufa, na kwamba aliyemuua anakula na kulala mahali fulani. Mtu akishaingiwa na jambo hilo kichwani, usingizi wake unabadilika. Nilikuwa naamka alfajiri mama akiwa kwenye swala, naingia uani, napiga gurudumu la gari nililolifunga kwenye mti wa mwarobaini. Napiga mpaka ngozi ya vidole inachubuka. Mchana nashona, jioni nafundisha watoto ukumbini kwa sababu hapakuwa na mwingine, nao walianza kuniogopa. Mzazi mmoja alimwondoa binti yake. Aliniambia, "Dada, unawafundisha kama watu wanaokwenda vitani." Alikuwa amesema kweli.

Habari ilikuja kwa njia ambayo sikuitazamia. Kuna mama mmoja anayeuza samaki soko la Majengo, mizigo yake hutoka bwawa la Mtera, nami humshonea aproni. Siku hiyo nilikuwa nampima kiuno, naye anapiga soga tu, kama kawaida yake.

"Kambini kwetu kuna kijana mgeni, anatuchekesha," akasema. "Kila asubuhi kabla ya kwenda majini anarusha mateke ufukweni peke yake. Watoto wanajaa kumwangalia. Anapiga kelele, haa! haa! kama wa kwenye video."

Futi ya kupimia ilinitoka mkononi. "Ana kovu kidevuni?"

"Hapa hivi," akagusa kidevu chake. Kisha akaniangalia usoni, na tabasamu likamwisha. "We binti, vipi?"

Usiku huo nilimwambia mama kwamba nakwenda Mtera na gari la muuza samaki. Sikusema kwa nini. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Umempata," akasema.

"Ndiyo."

"Basi nisikilize. Muulize kwanza. Kabla hujafanya lolote, muulize mtoto wangu yuko wapi. Mimi namtaka mwanangu. Sitaki mkono wa mtu."

Tuliondoka asubuhi na pikapu ya yule mama, makreti matupu yakigongana nyuma. Barabara ya Iringa imenyooka, vichaka vya miiba vimekauka pande zote, ng'ombe wembamba wanafuata vumbi lao wenyewe. Mwenyeji wangu alijaribu mazungumzo, akaona sijibu, akawasha redio. Nilikuwa nimevaa suruali ya mazoezi chini ya kanga. Nilikuwa nayarudia maneno ya mama kichwani, na chini yake nayarudia mapigo: hatua, shika, zungusha. Yote mawili kwa pamoja, mpaka nikawa sijui nini nitaanza nacho.

Mtera ilitokea ghafla, maji mengi ya kijivu katikati ya nchi kavu, na vigogo vya miti iliyokufa vimesimama ndani yake. Kambi ilikuwa ya vibanda vya mabati na matete, vichanja vya kukaushia samaki, moshi, harufu ya perege na matope. Wanawake walikuwa wanageuza samaki juu ya moto. Yule mama akanionesha kwa kidevu tu, akabaki kwenye gari.

Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele ya kibanda, anapara magamba ya samaki. Amekonda. Alisikia hatua, akainua macho, na kisu kikasimama katikati ya samaki.

Sikumsalimia. Nilikuwa naangalia nyuma yake, ndani ya kibanda, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kwenye msumari ukutani lilining'inia begi la kaka. Niliitambua kamba yake. Mimi ndiye niliyeishona ilipokatika, kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi ulikuwa umeisha. Kwangu begi lile lilikuwa maiti.

"Weka kisu chini," nikasema.

Akakiweka. Akafuta mikono kwenye kaptula.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Usiniite hivyo. Yuko wapi?"

"Yuko hai," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nikashika nguzo ya kichanja. Wanawake kwenye moto walikuwa wameacha kuongea.

"Unadanganya."

"Yuko hai. Haoni."

Akaanza kueleza, akiangalia chini, polepole, kama mtu aliyekuwa amejisimulia jambo hilo mara nyingi akiwa peke yake. Miezi michache kabla ya siku ile, kaka alianza kuona cheche kwenye jicho lake zima, la kulia, na kivuli kikawa kinashuka pembeni kama pazia. Daktari alimwambia aache kabisa kupigwa kichwani, la sivyo atalipoteza na hilo. Kaka hakumwambia mama. Hakuniambia mimi. Alimwambia yeye peke yake, rafiki yake, na kumwomba awe anamkinga kwenye mazoezi bila watu kujua.

"Jumamosi ile aliniita kuniambia kwamba ukumbi tutauendesha wote wawili," akasema. "Mimi niliona ananipa makombo. Nikamwambia, wewe kipofu mtarajiwa utamfundisha nani. Nikamwambia avae tupigane, atakayeshinda achukue. Akakataa. Nikamsukuma. Akavaa."

"Ukampiga wapi?"

Akamtazama yule samaki aliyempara nusu.

"Nimekuuliza, ukampiga wapi?"

"Kwenye jicho," akasema. "La kulia. Nilijua ndilo lenyewe. Alikuwa ananipiga vizuri, nikakasirika, nikalenga palepale. Sitakudanganya. Nililenga."

Akasema alimpeleka hospitali kwa bajaji, amemfunika uso, na kwenye foleni kaka akamwambia aondoke, asimwone tena, na asimwambie mtu yeyote wa nyumbani. Alipofika Mtera akagundua begi la kaka amelibeba yeye. Baadaye mwanamke mmoja asiyemfahamu alimpigia kwenye namba yake mpya, aliyokuwa amempa jamaa yake mmoja tu mjini, akasema yuko Buigiri, mwenye begi anaomba begi lake. Hakulipeleka. Aliogopa.

Mama aliniambia niulize, nami nilikuwa nimeuliza na nimejibiwa. Kaka yangu yu hai, na mahali alipo napajua. Ningeweza kuingia ndani nikachukua begi na kuondoka. Mpaka leo najua hivyo.

"Simama," nikamwambia.

"Dada, mimi sitaki..."

"Simama. Kaka yangu alikataa na ukamsukuma. Simama."

Nilifungua kanga nikaiweka juu ya kichanja. Akasimama. Nadhani alitaka kupigwa tu, lakini mwili uliofundishwa haukubali. Nilipompiga ngumi ya kwanza mikono yake ikapanda yenyewe, akaizuia ya pili, na tukawa tumeanza.

Alikuwa mzito kuliko mimi na mrefu. Teke lake la kwanza lilinipata mbavuni, pumzi ikakatika, nikapiga goti kwenye matope. Nikanyanyuka. Watu walikuwa wanapiga kelele, siwasikii maneno. Alirudi nyuma akasema, "Basi, inatosha," na hilo ndilo lililonitia wazimu, kwamba yeye ndiye wa kusema inatosha. Nikaingia ndani ya mikono yake. Akanirushia ngumi ya kulia, ile anayoipenda, ninaijua tangu nikiwa mtoto, bega huwa linatangulia. Nikajipinda ikanipita sikioni. Nikaushika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikauzungusha, nikaweka bega langu chini ya kiwiko chake. Pale mazoezini mtu hugonga mkeka kwa kiganja na wewe unaachia. Alinigonga mgongoni, tena na tena, haraka haraka. Nilihisi kila pigo la kile kiganja. Sikuachia. Nikasukuma juu.

Mkono ulilia kama kuni kavu ikivunjika.

Mwanamke mmoja alitumwagia ndoo ya maji ya samaki, wengine wakanivuta kwa nguo. Alikuwa amekaa chini, mkono umekaa vibaya, uso umekuwa rangi ya majivu, na hakupiga kelele. Aliniangalia tu. Nilitegemea kwamba nikifika pale nitajisikia mwepesi. Nilijisikia mbavu zinauma na harufu ya samaki kwenye nywele. Yule mama wa gari alikuja mbio, akaniangalia, akamwangalia yeye, akasema, "Huyu apelekwe zahanati sasa hivi. Wewe, kaa nyuma na makreti. Sitaki kukuona mbele." Tukamshusha zahanati. Kutoka nyuma nilimsikia kijana mwenyewe akimwambia mganga kwamba ameteleza kwenye mtumbwi.

Siku ya pili nilikwenda Buigiri, begi mapajani, kitambaa kimenibana mbavu. Mama nilimwambia tu kwamba yu hai na ninakwenda kumwona. Alitaka kuja, nikamwomba anipe siku moja. Nilikuwa naogopa nitakachokikuta.

Buigiri watu wamezoea wasioona, kwa sababu ya shule ile ya watoto vipofu iliyopo pale tangu zamani. Nilipouliza njiani kuhusu mgeni asiyeona, wakaniuliza yupi. Mwisho nilielekezwa kwenye nyumba moja ya tofali za kuchoma yenye banda la kuku. Bibi mmoja aliyekuwa jirani aliniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," nikamwitikia, akanionesha mlango. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kijijini kwa baba. Yeye na kaka waliugua vikope msimu mmoja, yeye akapoteza macho yote mawili na akaletwa Buigiri kusoma. Amekulia hapo, ameoa hapo. Kaka alipotoka kwa daktari siku ile, haoni kitu, mtu aliyemkumbuka alikuwa huyo. Aliazima simu ya muuguzi akampigia. Jamaa na mke wake wakaja kumchukua, wakampeleka Dar es Salaam kwa upasuaji. Haukusaidia. Mke ndiye aliyeitafuta namba ya yule mwenzake kwa huyo jamaa yake wa mjini, kwa ajili ya begi.

Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, anabangua karanga. Amefuga ndevu. Kichwa chake hakikuwa kimegeukia kushoto tena. Kilikuwa kimekaa katikati, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi.

Nilipopiga hatua moja akasimamisha mikono. "Nani?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikachukua kidole chake nikakigonga utosini kwangu.

Akabaki ameshika kichwa changu. Karanga zikamwagika. Tulikaa hivyo mpaka mke wa mwenyeji akatoka ndani, akatuona, akarudi ndani.

"Mama hajambo?" hatimaye akauliza.

"Mama yupo. Amekonda. Kwa nini, kaka? Tumekutafuta mochwari. Mama ameangalia maiti za watu."

"Najua nimewatesa." Alijifuta uso. "Nani alikuonesha huku?"

Mkono wake ukashuka kutoka kichwani mpaka begani, ukapita mbavuni, ukakuta kile kitambaa. Nikajikunja kwa maumivu. Akavuta mkono kama aliyeungua.

"Umemkuta," akasema. "Ulimfanya nini?"

"Nimemvunja mkono. Wa kulia."

"Aligonga?"

Kwa swali hilo nikajua anakiona kila kitu. "Aligonga," nikasema.

Kaka alisimama. Alipapasa ukuta, akaufuata mpaka kona ya nyumba, akakaa huko amenipa mgongo. Niliposogea akasema, "Kaa hukohuko." Sauti yake ilikuwa ya ukumbini, ile ambayo hata watu wazima waliitii.

"Unadhani nilijificha kwa aibu? Aibu ilikuwepo, sikatai. Sikutaka watoto wa Makole wanione naongozwa kwa mkono. Lakini hilo ningelizoea. Nilijificha kwa sababu yako. Nilikaa kwenye foleni ile hospitali, damu inanitoka, nikawaza, huyu mdogo wangu nimemfundisha mwenyewe, nikirudi nyumbani na jicho hili ataniuliza nani, na nikimwambia atamfuata. Nikaona bora asijue. Nimekula giza hili peke yangu miezi yote, mama analia, ili wewe usije kuwa kama yeye. Na umekwenda."

"Nilidhani umekufa."

"Ulipomvunja ulikuwa umeshajua niko hai?"

Ningeweza kudanganya. "Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nimeshajua."

Hakusema nami tena mpaka jua lilipogeuka. Mwenyeji wake alikuja na fimbo yake nyeupe, akakaa katikati yetu, akaanza kuongea habari za kuku wake, yupi anataga na yupi anakula mayai, kama mtu aliyekuta ndugu wawili wakipumzika. Mwisho kaka akasema bila kunigeukia, "Kesho mlete mama."

Nilimleta. Sitaandika walivyokutana. Mama alikaa kule wiki nzima, na alipotoka alitoka naye.

Yule mwenzake hakwenda polisi, nasi hatukwenda. Mkono wake uliunga, lakini watu wanaotoka Mtera wanasema haunyooki. Kaka aliomba namba yake akampigia mwenyewe, mchana mmoja, mimi nikiwa barazani nashona. Nilisimamisha cherehani ili nisikie. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Jicho halirudi, na mkono wako haurudi. Nimekusikia. Ila Makole usije. Mama yangu akikuona atakukaribisha chakula, na mimi sijafika huko." Akakata.

Kwangu alikuwa na adabu kwa muda mrefu, adabu ya mtu na mgeni, na hiyo iliniuma kuliko teke. Ukumbi naufundisha mimi. Nimewaomba radhi wazazi, yule binti amerudi. Kitu kimoja nimekiongeza: mtu akigonga, mwenzake aachie kabla sijahesabu moja, na asiyeachia anakaa nje mwezi mzima, hata awe nani. Wanaona ni ukali tu. Kaka haji ukumbini. Nilimwomba mara mbili, akasema hapana, na sasa siombi. Anabangua karanga, anasikiliza redio, anagombana na mama anayetaka kumwonesha kijiko kilipo. Amejifunza na kuandika kwa nukta za wasioona, mwenyeji wake wa Buigiri huja kumsahihisha.

Wiki iliyopita alichukua fimbo, akasema anakwenda dukani kununua vocha. Ilikuwa mara ya kwanza peke yake. Nilimwacha atoke getini, kisha nikavua viatu nikamfuata mchangani, mbali kidogo, nimebana pumzi. Alipita mbele ya bodaboda zilizoegeshwa, akagusa moja, akaizunguka. Alipofika kwenye mtaro akasimama, fimbo ikatafuta ubao wa kuvukia.

"Rudi nyumbani," akasema bila kugeuka.

"Nilikuwa napita tu."

"Bila viatu?" Nikamwona bega linatikisika kidogo, alikuwa anacheka. "Rudi, mdogo wangu. Nikikuhitaji nitakuita."

Akavuka. Mimi nikasimama pale, nyayo zinaungua kwa mchanga, mpaka alipokata kona ya duka.